Kulwa na Kurwa

Ilemela, Jumapili alasiri

Mwanangu Rebeka,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane unacheka, umevaa vile viatu ulivyokatazwa kuvaa mpaka ufike Dar, unakwenda Mkolani kumuaga bibi yako. Atakuita Lebeka mpaka jua lizame na hatakuachia utoke bila kula mara mbili, kwa hiyo nina saa tatu nne za kuandika kabla hujarudi. Nitazihitaji zote. Nimeshachana karatasi tatu na bado sijafika ninapotaka kufika.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Maji yachemshwe, begi usimwachie mtu, kwenye treni usilale mkoba ukiwa mbali na kichwa. Mimi hapo sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo angesema nimelikosea. La kwangu ni jingine. Nimekaa nalo miaka mitatu, na kesho unakwenda kuishi kwa mtu ambaye linamhusu kuliko mtu yeyote, mama yako mdogo Kabula. Utalala kwake, utakula kwake, utamwita mama. Siwezi kukuacha ukale chakula chake bila kujua baba yako alimfanyia nini. Halafu naogopa kukwambia. Pengine utashindwa kumtazama usoni. Pengine neno litakuponyoka, naye akufungie mlango, na chuo chenyewe hakina bweni. Tangu barua ya chuo ifike sina raha, na wewe ulidhani ni uchungu wa kuagana. Uchungu upo, lakini si wote ni huo.

Wiki iliyopita uliniketisha ukanieleza utakachosomea. Ulichora miraba miwili nyuma ya bahasha, ukasema kompyuta ina kurasa, na mtu akiandika kitu kwenye ukurasa huu, lazima pawe na njia ya kukibeba mpaka ukurasa ule, la sivyo ule wa pili haujui lolote. Ukasema, "Baba, watu wanadhani inajua yenyewe." Nikainuka nikaenda nje kujifanya naangalia kuku. Baadaye ulimlalamikia mama yako kwamba baba hakuvutiwa. Mwanangu, nilivutiwa kuliko unavyodhani.

Unakumbuka nilivyopunguzwa kazi ya ukarani kwenye ushirika. Miaka miwili nilikuwa mtu wa kukaa kwenye jiwe pale nyuma ya nyumba nikihesabu ndege za minofu ya sangara zinavyopaa. Wakati ule watu binafsi walikuwa wamesharuhusiwa kufungua zahanati, na zilichipuka mjini kama uyoga. Kabula alikuwa nesi kwenye mojawapo. Siku moja alikuja hapa na gauni lake jeupe la kazi, akasema wanatafuta mtu wa mapokezi mwenye mwandiko safi, na kwamba ameshanitaja. Kazi ile niliipata kwa mdomo wake. Naomba ulishike hilo, maana mimi nililiachia.

Zamani pale tulitumia kadi za karatasi ngumu. Mgonjwa akifika namwandika, nampa kadi yake mkononi, anaibeba mwenyewe kwa daktari, kisha chumba cha sindano, kisha dirisha la dawa. Kama kuna jambo la hatari, naliandika juu kabisa kwa kalamu nyekundu. Kila anayeishika anakutana nalo kwanza. Ilikuwa kazi ya polepole na kadi zilinuka samaki, lakini haikuwezekana kadi ifike kwa nesi halafu wino mwekundu ubaki kwangu.

Kisha mwenye zahanati akaleta kompyuta mbili, moja mapokezi, moja chumba cha sindano, zimeunganishwa kwa waya. Ulikuja kuzitazama ukiwa na sare ya shule, hukutaka kuondoka. Na mimi nilivimba kichwa, sikufichi. Mtu aliyekaa miaka miwili juu ya jiwe, leo ana kompyuta! Kijana aliyetoka Dar kuitengeneza programu alikaa nami siku tatu akiniuliza maswali, na nilimjibu kama mzee wa kijiji anayegawa mashamba.

Aliniuliza, mgonjwa tumtambue kwa namba au kwa jina? Nikasema kwa jina na la baba yake. Huku kwetu mtu huwezi kumwita kwa namba kama mfungwa. Akaniuliza, nesi akiandika jina na mashine ikalikosa, ifanye nini? Nikasema ifungue ukurasa mpya, watu wasikae foleni. Mambo hayo mawili niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Yeye aliandika tu nilichomwambia. Jina halikusafiri peke yake kutoka kioo changu kwenda kioo cha Kabula, ilibidi yeye aliandike upya, ndipo mashine imletee nilichoandika. Hilo nalo aliniambia, nikaona ni dogo.

Sasa, ulimi wangu unaujua. Mmeucheka tangu mkiwa wadogo. Mimi ni Mjita, kwetu r inakuja yenyewe bila kuitwa. Kabula nimemwita Kabura tangu siku ya kuposa, na yeye kwa utani wake wa shemeji alikuwa akinijibu, "Shemeji, huyo Kabura ni mke wako wa pili? Anakaa wapi tukamsalimie?" Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Kwenye kadi jambo hilo halikuwa na madhara. Kadi ikiandikwa Marimi, anayeisoma anajua ni Malimi, na maisha yanaendelea.

Akaja mama mmoja kutoka Busisi. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi na watoto wake mapacha wa kike, wa miaka sita hivi, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa na homa na kifua. Yule mama akaniinamia akasema penisilini inamdhuru huyu, alishachomwa akiwa mdogo akavimba nusura afe. Alikuwa na wasiwasi, akalirudia mara ya pili, na alitaka kuingia ndani akamwambie nesi mwenyewe. Nikamwambia aketi. Maneno niliyomwambia nayakumbuka kuliko jina langu la ubatizo. "Usijali, mama. Ukishaniambia mimi umewaambia wote."

Nikaandika. Kwa kujivuna, kwa vidole vyote kumi, kama nilivyofundishwa kwenye taipureta: Kurwa. Jina la baba, Masanja, nililipata sawasawa, lile halina l wala r. Na chini yake, asichomwe penisilini kabisa.

Daktari akaandika sindano ya penisilini kwenye karatasi yake. Kabula ni Msukuma, akaandika kwenye kioo chake jina analolijua tangu azaliwe: Kulwa. Mashine ikatafuta, ikakosa, ikamfungulia ukurasa mtupu, kama nilivyoagiza. Kurasa tupu tulikuwa tunaziona kutwa, kwa sababu wagonjwa wengi wa zamani tulikuwa bado hatujawaingiza. Ukurasa mtupu unafanana kabisa na wa mtu asiye na tatizo, Rebeka. Hilo sikulijua. Wewe ulijue kabla hujagusa mashine ya mtu yeyote.

Mimi nilisikia tu yule mama akipiga yowe. Nilipofika mlangoni mtoto alikuwa amelegea mikononi mwa Kabula, midomo imevimba, anatafuta pumzi. Kabula hakutetereka. Alivunja kichupa cha dawa ya kuokoa, akamchoma, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na njiani kuelekea hospitali kubwa alikuwa akimwita jina lake asilale. Doto alibaki kwenye benchi langu ameshika kiatu kimoja cha mwenzake. Hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikajifanya natafuta faili.

Mtoto alipona. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma yanayofuata roho ikiwa juu. Lakini mwenye zahanati alituita siku ileile jioni, sisi wote. Akauliza nani aliambiwa. Nikasema niliambiwa mimi, na niliandika. Nikafungua ukurasa wangu nikamwonyesha, na kweli, upo, umekamilika, onyo limeandikwa vizuri. Kabula akasema kwake halikuja. Mwenye zahanati akasema kama lipo hapa lingekuwepo na kule, mashine ni moja, na kwamba Kabula hakuangalia.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, macho kwenye kioo. Na hapo ndipo nilipoiona. Herufi moja. Sikuambiwa na mtu, sikuhitaji kufikiri. Niliiona kama mtu anavyouona uso wake kwenye kioo cha kunyolea. Nilichotakiwa kusema kilikuwa hakifiki maneno kumi. Nikafungua mdomo nikapata mate tu. Nilifikiria lile jiwe nyuma ya nyumba. Nikakufikiria wewe, kidato cha tatu, na mdogo wako, na mama yako aliyekuwa ameacha kuniuliza asubuhi nitakwenda wapi. Nikaufunga mdomo, na ule ukurasa nikaufunga pia.

Kabula alifukuzwa. Kwa zahanati za hapa mjini, nesi aliyekaribia kuua mtoto kwa sindano habari zake hufika kabla yake. Alizunguka miezi miwili, kisha akaenda Dar kwa kaka yake, akaanza upya kwa kufua mashuka ya wodini kabla hawajamwamini tena na sindano. Mimi ndiye niliyembebea mizigo mpaka stesheni. Alinishukuru.

Unadhani nilikaa tu? Sikukaa tu, ila nilichofanya hakikuwa na maana. Nilirudisha kadi na kalamu nyekundu, kila mtu akanisifu kwa uangalifu. Nilimwomba yule kijana wa Dar abadilishe programu, jina likikosekana mashine ikatae na kupiga kelele, na nilimwambia sababu ni foleni. Mara tatu nilipanda gari kwenda Kigongo, nivuke mpaka Busisi nikamtafute yule mama. Mara zote tatu nilifika majini, nikanunua hindi la kuchoma, nikatazama kivuko kinakuja, kinashusha, kinapakia, kinaondoka, nami nikarudi mjini. Mama yako aliniuliza mbona nguo zinanuka moshi wa mahindi. Nikamwambia ni moshi wa jirani.

Yule mtoto alikuja tena zahanati baadaye, mzima kabisa, na meno mawili ya mbele yameota. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikainamia kadi yake.

Nakwambia haya si kwa sababu nataka uniambie pole. Nakwambia kwa sababu unakwenda kujifunza kazi ileile iliyonishinda, ya kuhakikisha alichosema mtu hapa kinafika pale. Walimu watakufundisha waya na herufi, utawazidi wote, najua. Ninachokihofia ni ile siku utakapokaa na karani mmoja mwenye majivuno, akakujibu maswali yako yote haraka haraka. Usimwamini. Mwombe akuitie yule mama aliyeinama kwenye meza. Na ikitokea kosa ni lako, na itatokea, usiangalie kwanza ni nani mwingine anaweza kulibeba. Mimi niliangalia. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na tazama nimekaa na kosa hilo miaka mitatu.

Hapo nilikuwa nataka kumalizia. Nilikuwa nimepanga nikuombe uisome barua hii kwenye treni, uichane, umheshimu mama yako mdogo kwa niaba yangu, basi. Nikaona aibu. Kumwagia mtoto siri halafu kumwambia aifunike, huo ni uoga uleule umevaa nguo mpya. Nikaiacha kalamu nikaenda jikoni kumwambia mama yako, kwanza kabisa yeye, kabla moyo haujabadilika.

Alikuwa anafunga dagaa wa kumpelekea Kabula, anawashindilia kwenye ndoo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Nililisema lote bila kupumzika, Kulwa, Kurwa, ukurasa, kikao. Hakugeuka. Aliendelea kushindilia dagaa mpaka nikamaliza, kisha akapangusa mikono kwenye khanga.

"Najua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaniambia Kabula alijua kabla hata hajaondoka Mwanza. Asubuhi baada ya kufukuzwa, alipokwenda kuchukua viatu vyake, aliiwasha ile mashine mara ya mwisho, na kwa kuwa ulimi wangu anaujua, akaandika Kurwa. Onyo likamjia lote. Akaja hapa moja kwa moja nikiwa kazini, akamwambia dada yake, akamwapisha. Alisema akilifikisha kwa mwenye zahanati tutakosa kazi wote wawili, na yeye hana mtoto, mimi ninao wawili.

Nikakaa chini palepale sakafuni, kwenye magunia. Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hawakuniambia.

"Na wewe mbona hukusema?" Kisha akaniambia maneno ya mdogo wake, na alipoyasema sauti yake ilifanana na ya Kabula. "Alisema tungoje. Shemeji anajua kuandika, alisema, tuone kama anajua na kusema."

Rebeka, nililia. Mama yako naye alilia, kisha akanikasirikia kwa kumfanya alie juu ya dagaa wa watu. Nikamwambia ninavyohofia utafukuzwa kule. Akanishangaa. Akasema ni Kabula mwenyewe aliyeomba ukakae kwake, wala haikuwa fikra ya mama yako, na mtu mwenye kinyongo hamwombi mtoto wako. Nilivyokuwa sijui lolote! Nyumba nzima ilikuwa na habari zangu, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa ukurasa mtupu.

Basi sikuombi tena uichane. Kesho nikishakusindikiza stesheni nitapitia kwa mwenye zahanati nimweleze, na huenda nikarudi nyumbani sina kazi. Mama yako anajua, na amesema niende. Jumamosi tutavuka Busisi pamoja. Amesema safari hii yeye ndiye atakayenishika mkono kwenye kivuko, nisije nikanunua mahindi. Na mwezi wa kumi na mbili nitakuja Dar mwenyewe.

Lakini ni miezi mitano mpaka huko, na sitaki ukae hata siku moja mezani kwake ndani ya uongo wangu. Kwa hiyo nakutuma. Barua hii ni yako, usimpe aisome. Mwambie kwa mdomo. Ukifika, kabla hujatua begi, umpe shikamoo, kisha useme hivi: "Baba anasema jina aliliandika yeye, kwa r. Aliliona siku ileile, akanyamaza." Usiseme "nadhani." Usiongeze kwamba nililia, usimwambie habari za jiwe wala za watoto, hayo anayajua na si kazi yako kunitetea. Anajua kosa, lakini kwangu hajalisikia.

Ukishasema usiingie ndani, usiombe maji. Simama hapo mpaka ajibu. Akinyamaza, nyamaza naye, hata ikichukua muda. Na atakachosema uniandikie neno kwa neno, kama ni tusi liandike tusi, kwa herufi zake yeye.

Baba yako